Bi Halet wa Karatepe: Mwalimu Aliyelinda Mawe na Kulea Watu



  

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na mlango wa haki za jirani. Tunawataka radhi, mlango huo tutaufungua tena juma lijalo, inshallah. Limetufika jambo ambalo tumeona si vizuri kulilaza, nalo limetufanya tumkumbuke mama mmoja wa Uturuki aliyefariki tarehe 12 Januari 2014, akiwa na umri wa miaka 97. Jina lake ni Halet Çambel. Waturuki walimwita Halet Hanım, nasi kwa desturi yetu ya pwani tutamwita Bi Halet.

Kisa chenyewe kilianza barazani petu. Alasiri moja baada ya swala walitujia mtu na mkewe, pamoja na binti yao aliyepata nafasi ya kusoma chuo kikuu. Baba alikuwa amekunja uso. "Maalim," akasema, "mtoto huyu anataka kusomea akiolojia. Sisi tumemlea kwa Qur'ani, yeye anataka kwenda kufukua makaburi na masanamu. Tupe neno." Mama akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, mimi sina la kusema mbele ya baba watoto. Lakini mtoto huyu tangu mdogo, akienda kwa nyanyake, huokota vigae vya vyungu ufuoni akavipanga dirishani." Binti mwenyewe hakusema kitu. Alitoa katika mkoba wake karatasi chache, akatuwekea mbele yetu kwa adabu. Zilikuwa habari za Bi Halet.

Wasomaji wetu, tungaliweza kujibu pale pale. Lakini safari hii tuliomba muda wa juma moja, na sababu ya kuomba muda tutaieleza mbele. Kwanza natuwajulishe huyu Bi Halet.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 27 Agosti 1916, katika zama za mwisho za dola ya Kiuthmani. Babake, Hasan Cemil, alikuwa afisa wa jeshi katika ubalozi wa dola hiyo. Babu yake mzaa mama, İbrahim Hakkı Paşa, aliwahi kuwa Waziri Mkuu wa Sultani, kisha akawa balozi huko Berlin. Utotoni alikuwa dhaifu wa mwili, mara homa ya matumbo, mara maradhi ya ini, na wazazi wake wakimfunikafunika nguo kwa kumhofia. Yeye mwenyewe, angali mtoto, akaamua kuujenga mwili wake kwa mazoezi. Akapenda mchezo wa kushindana kwa upanga mwembamba.

Aila yake iliporudi Istanbul, alisomeshwa katika shule ya wasichana ya mtaa wa Arnavutköy, kando ya mlangobahari wa Bosporus. Hapo alikuwapo mwalimu wa historia ya sanaa ambaye hakutosheka na kitabu na ubao. Aliwachukua wanafunzi wake akawapeleka katika majengo ya kale ya mji, wakayaona kwa macho yao. Mapenzi ya Bi Halet kwa mambo ya kale yalianzia katika matembezi hayo. Tunamtaja mwalimu huyu kwa sababu walimu wengi hufa wakidhani hawakufanya kitu. Huenda mwalimu wetu mmoja wa madrasa, aliyewatoa watoto siku moja kwenda kuutazama msikiti wa kale, amepanda mbegu ambayo yeye hataishi kuyaona matunda yake.

Mwaka wa 1933 Bi Halet akaenda Paris, Ufaransa, kusoma akiolojia pamoja na lugha za kale, kama ile ya Wahiti, Kiashuri na Kiebrania. Angali mwanafunzi, mwaka wa 1936, serikali yake ikampeleka katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin pamoja na mwenziwe, Suat Fetgeri Aşeni. Wawili hao ndio wanawake wa kwanza kutoka umma wa Kiislamu kushiriki katika michezo hiyo. Huko afisa mmoja wa Kijerumani akawaalika waende kujulishwa kwa Hitler. Bi Halet akakataa. Alieleza baadaye kwamba lau si kutumwa na serikali yake, asingalikwenda Ujerumani kabisa wakati ule. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Wako watu wazima wenye vyeo na vilemba waliokuwa wakitafuta kupiga picha na madhalimu, na msichana huyu alimpa dhalimu mgongo.

Hapa natuseme wazi, ili asije mtu akasema maalim amefumba macho. Bi Halet alikuzwa katika nyumba iliyoshika mwelekeo wa Uturuki mpya ya Atatürk. Mavazi yake na baadhi ya fikra zake si yale tunayowausia mabinti zetu. Hatumtaji ili aigwe kwa kila kitu. Imani ya mja iko baina yake na Mola wake, na si kazi yetu kuifunua. Lakini dini yetu imetufundisha kutowapunja watu haki zao, na hekima ni kitu kilichompotea muumini, popote aionapo ana haki nayo. Katika maisha ya mama huyu iko hekima nyingi.

Aliporudi Istanbul aliajiriwa chuo kikuu mwaka wa 1940, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1944. Mwaka wa 1946, yeye pamoja na profesa wake, Helmuth Bossert, walisikia habari kutoka kwa mwalimu wa shule wa mji wa Kadirli, kusini mwa Uturuki, kwamba huko milimani kuna jiwe la simba. Wachungaji walikuwa wakilijua siku zote. Njia ya gari haikuwapo, wakapanda kwa farasi na kwa miguu katika milima ya Taurus, mpaka wakafika mahali paitwapo Karatepe, yaani kilima cheusi, juu ya mto Ceyhan.

Hapo wakakuta ngome ya karne ya 8 kabla ya Nabii Isa, alayhi salaam. Milango yake ilikuwa imepambwa kwa mawe meusi ya volkano yaliyochongwa simba, watu na wanyama. Katika mawe hayo, jiwe moja linamwonyesha mama amesimama kando ya mtende akimnyonyesha mtoto wake. Karibu miaka 2,700 imepita, na mama yeyote wa Lamu, Mombasa au Vanga akilitazama jiwe hilo hahitaji kufasiriwa.

Lakini hazina kubwa ilikuwa maandishi. Mtawala wa pale, aliyeitwa Azatiwada, aliandika habari zake kwa lugha mbili: Kifoinike, ambacho wanavyuoni walikuwa wanakisoma, na Kiluvi, kilichoandikwa kwa maandishi ya picha ambayo wataalamu walikuwa wamehangaika nayo kwa miaka mingi. Kwa kuwa habari ni moja kwa lugha zote mbili, iliyojulikana ikawa ufunguo wa isiyojulikana. Ndivyo lugha iliyonyamaza karne na karne ilivyofunuka.

Na mtawala huyo alijisifu kwa nini? Kwamba katika nchi yake ameleta amani hata mahali ambapo zamani mwanamume aliogopa kupita, sasa mwanamke anapita na pia zake za kusokotea uzi. Tazameni, enyi kina baba. Hata mfalme wa kipagani alijua kwamba kipimo cha amani ya nchi ni usalama wa mwanamke njiani. Tujiulize leo, mabinti zetu wakitoka chuoni baada ya Magharibi, wanapita vichochoro vyetu kwa amani?

Sasa ndipo tunafika kwenye tabia iliyotufanya tumpende mama huyu. Watu wengi wakipata hazina, haja yao ni kuibeba. Wakubwa walitaka mawe yale yang'olewe yapelekwe katika majumba ya makumbusho ya mijini. Bi Halet akakataa. Akasema yabaki pale pale yalipowekwa na wenyewe, yaunganishwe vipande, yajengewe mapaa ya kuyakinga na mvua na jua, na watu wayafuate huko. Jambo hilo halikuwa jepesi, kwani mawe mengi yalikuwa yamevunjika vipande vidogo vidogo. Wakaja mafundi kutoka Italia kusaidia kuunganisha. Mapaa ya zege yakachorwa na msanifu Turgut Cansever. Aliyesimamia ujenzi alikuwa mume wa Bi Halet, Nail Çakırhan, mshairi na mwandishi wa habari aliyejifunza ujenzi kwa kuufanya. Bwana huyo hakuwa na shahada ya usanifu, lakini mwaka wa 1983 alipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo kwa nyumba aliyoijenga Akyaka kwa ufundi wa jadi wa Kituruki. Waliishi katika ndoa miaka 70, mpaka bwana alipofariki mwaka wa 2008. Mume alimjengea mkewe mapaa ya kazi yake. Hilo nalo ni somo, wala hatuna haja ya kulirefusha.

Mwaka wa 1958 msitu wote wa Karatepe ukafanywa hifadhi ya taifa. Serikali ilipoazimia baadaye kujenga bwawa katika mto Ceyhan, maji yangalifunika mabaki mengi ya kale. Bi Halet akasimama tena, akashindana kwa hoja mpaka kimo cha maji kikapunguzwa. Hakupigana na maendeleo, kwani umeme watu wanauhitaji. Alichotaka ni kwamba kabla ya kuzamisha kitu, ajulikane anayekijua na aulizwe.

Na wanakijiji je? Watafiti wengi huja, wakawalipa watu ujira wa kuchimba, kisha wakaondoka. Bi Halet alirudi Karatepe kwa zaidi ya miaka 50. Yeye na mumewe walihimiza kujengwa shule katika vijiji vya milimani ambako hapakuwa na shule. Aliwashika mkono kina mama wafumaji wa mazulia, akawahimiza warudie rangi za asili za mizizi na majani badala ya rangi za dukani, wakapata jina na riziki.

Huko chuo kikuu aliasisi idara ya akiolojia ya zama kabla ya maandishi. Katika miaka ya 1960, pamoja na Profesa Robert Braidwood wa Chicago, alianzisha uchimbaji wa Çayönü, karibu na Diyarbakır, kijiji cha wakulima wa mwanzo kabisa, ambao waliishi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kazi hiyo iliendelezwa baadaye na mwanafunzi wake, Mehmet Özdoğan, aliyekuja kuwa profesa mashuhuri. Wengi walioshika fani hiyo Uturuki walipita mikononi mwake, ama mikononi mwa waliopita kwake. Alistaafu mwaka wa 1984, lakini kazi hakuiacha. Kitabu chake kikubwa cha maandishi ya Karatepe kilitoka mwaka wa 1999, yeye akiwa na umri wa miaka 83. Nyumba yao ya kando ya Bosporus, yeye na mumewe waliitoa kwa chuo kikuu iwe mahali pa utafiti. Akazikwa Akyaka, ubavuni mwa mumewe.

Hiyo ndiyo habari ya Bi Halet. Sasa turudi barazani, na tueleze kwa nini tuliomba muda wa juma moja.

Yapata miaka kumi na tano iliyopita alitujia baba mwingine na binti mwingine, kwa jambo hili hili. Binti yule alitaka kusomea mambo ya kale, na alikuwa na hoja. Katika kijiji chao kulikuwa na msikiti wa kale usiotumika, na juu ya mihrabu yake kulikuwa na maandishi yaliyochongwa katika matumbawe, ambayo hakuna aliyewahi kuyanakili. Alitaka kuyanakili yeye. Sisi tulijibu kabla kahawa haijapoa. Tulisema kazi hiyo ni ya wageni na wasio na shughuli, na binti atafute fani iliyo karibu na nyumba. Baba akafurahi, binti akatii. Leo ameolewa, ana watoto wake, alhamdulillah, wala hajatunyima heshima hata siku moja.

Miaka michache nyuma tulikutana naye harusini. Alipokwisha kutuamkia alisema kwa upole, bila ya lawama, "Maalim, ule msikiti wa kwetu umeporomoka ukuta wa kibla. Mawe yamechukuliwa kujengea. Yale maandishi hayapo tena." Tukasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, kama mtu aliyefiwa. Na hakika tulikuwa tumefiwa. Yaliyokuwa yameandikwa pale, ikiwa ni aya, ikiwa ni jina la mjenzi, ikiwa ni mwaka wa Hijria, hakuna tena awezaye kutuambia. Kosa hilo ni letu, wala hatulitupi kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo safari hii hatukuharakisha. Juma lilipotimia, aila ile ilirudi, nasi tulimjibu baba kwa mambo matatu.

La kwanza, kuhusu masanamu. Kutazama si kuabudu. Qur'ani tukufu imetuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Masahaba waliingia Misri, na mapiramidi na mawe ya Mafirauni yakabaki yamesimama mpaka leo. Anayejifunza habari za kaumu zilizopita kwa nia ya kuzingatia anafanya jambo tuliloelekezwa.

La pili, kuhusu makaburi. Hapa baba ana haki ya kuuliza, nasi tulimwambia binti hivyo hivyo. Maiti wa Kiislamu ana heshima yake kama alivyokuwa nayo hai, na mfupa wake hauvunjwi wala hauchezewi. Lakini nani atayasema hayo pale panapochimbwa, ikiwa hakuna hata mmoja wetu aliyepo? Binti aliyelelewa kwa Qur'ani akiwa katika kazi hiyo, atajua mahali pa kusimamisha jembe. Kumzuia yeye hakuzuii uchimbaji, kunamwondoa tu mtu ambaye angaliulinda.

La tatu, kuhusu sisi wenyewe watu wa pwani. Miaka mingi vilitungwa vitabu vilivyosema miji yetu ya mawe ilijengwa na wageni watupu, na wenyeji hawakuwa na lao. Waliokuja kulisahihisha jambo hilo ni wachimbaji. Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton na wenziwe walichimba katika miaka ya 1980, wakakuta chini ya msikiti wa mawe kuna msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka wakafikia misikiti midogo ya miti na udongo, ya mwanzo wake ikiwa ya karne ya 8 Miladia. Maana yake ni kwamba katika karne ya pili ya Hijria walikuwapo watu wakisujudu katika ufuo huu, na mji ukakua pale pale juu ya msingi wa wenyewe. Gede kuna kaburi lenye mwaka wa 802 Hijria, umechongwa na unasomeka. Lau jiwe lile lingalivunjwa, nasi tungalikuwa na mdomo tu wa kudai. Mwacha asili ni mtumwa, na asili isiyoandikwa huachwa bila mwenyewe kujua.

Baba alisikiliza. Akatuuliza swali moja tu: "Na yule mama wa Kituruki, aliwahi kuwaacha watu wake?" Tukamwambia, alirudi kilima kile kile, kwa watu wale wale, zaidi ya miaka 50. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nitafikiri." Hatukumsukuma, kwani mtoto ni wake. Ijumaa iliyofuata, baada ya khutba, alitushika mkono mlangoni akatuuliza kama tunamjua mtu wa kumsaidia kujaza fomu za mkopo wa karo.

Ndugu zetu, hatusemi kila binti akasome akiolojia. Tunasema mtoto akiwa na kipawa, tusikitupe kwa neno la haraka, na ikiwa tunahofia dini yake, tumuwekee masharti ya dini badala ya kumfungia mlango. Na kwa kina mama tunaomba jambo dogo. Kama kuna msikiti wa kale mtaani kwenu, kaburi lenye maandishi, mlango wa nakshi au waraka wa babu uliokunjwa sandukuni, mwambieni mmoja wa watoto wenu aupige picha kwa simu na aandike palipo, juma hili hili. Msiuze, msing'oe, msisafishe kwa tindo. Acheni pale, mkijue, mkitunze. Bi Halet alitumia umri mzima kwa mafunzo hayo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amlipe kila mja kwa kheri aliyoitenda, awarehemu walimu wetu waliotangulia, awafungulie mabinti zetu milango ya elimu yenye manufaa, na atusamehe sisi kwa majibu tuliyoyatoa kahawa ikiwa bado ya moto.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.